Utenzi Uliokatazwa Kanisani

Ndugu zangu, kabla hatujaomba, niwasimulie habari ya mwinjilisti mmoja wa milimani, aliyeitwa Shemweta. Mtu huyu alitunga utenzi mrefu wa mateso ya Bwana, kuanzia bustanini mpaka kaburini, beti mia sita. Ilimchukua miaka minne. Kila Ijumaa Kuu akina mama waliuimba kanisani, wakaushika kichwani, hata wasiojua kusoma.

Shemweta akafa. Miaka ikapita, akaja mchungaji mpya, mtu msomi na mwenye bidii. Ijumaa Kuu ya kwanza alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama.

"Mahadhi haya ni ya pwani, si ya kanisa," alisema. "Na haya maneno ya Mariamu msalabani, nani anionyeshe sura na mstari?"

Nani angemwonyesha? Biblia inasema Mariamu alisimama pale. Haituambii alisema nini. Basi utenzi ukakatazwa. Vijana walifurahi, maana waliuona mrefu na wa kizee. Akina mama walirudi nyumbani kupika.

Mwaka wa tisa, mchungaji yule alifiwa na binti yake wa pekee, mtoto wa miaka sita. Homa ya siku mbili tu. Alimzika mwenyewe, akasoma maneno yote ya ibada bila kukosea. Lakini mkewe hakulia. Alikaa mkekani siku tatu, hali, hasemi, anatazama ukuta. Mumewe alimsomea Zaburi, akamwombea, akamsihi. Wapi!

Siku ya tatu asubuhi alikuja Bibi Damari, mmoja wa waimbaji wa zamani. Akasimama mlangoni.

"Baba mchungaji, yapo maneno ya Mariamu ningemwambia mama. Ila ulitukataza."

Mchungaji hakuwa na nguvu ya kubishana. "Mwambie, bibi. Mwambie lolote."

Bibi Damari akaketi mkekani, akamshika yule mama mkono, akaimba polepole:

*Mwanangu nakulilia,*
*Chini nakusubiria,*
*Juu sitakufikia,*
*Nishukie wewe kwangu.*

Yule mama akageuka. Akasema, "Rudia." Bibi akarudia. Mara ya tatu waliimba wote wawili, na yule mama akalia, kilio cha siku tatu kikatoka chote. Alipomaliza, akaomba uji.

Mchungaji alikuwa mlangoni, analia naye. Baadaye akamsindikiza bibi mpaka njiani.

"Bibi, miaka tisa hamjauimba. Mmewezaje kukumbuka?"

Bibi Damari akamtazama kwa huruma.

"Baba, ulitukataza kanisani. Jikoni hukutukataza."

Mnacheka? Chekeni, hata yeye alicheka, machozi yakiwa bado mashavuni. Kumbe miaka yote hiyo wanawake wale walikuwa wakiimba mbele ya mafiga, wakiwafundisha binti zao. Ijumaa Kuu iliyofuata mchungaji aliwaomba radhi mbele ya washarika wote, akawaomba waimbe. Siku hizi vijana wa kwaya wanauimba kwa gitaa, na sasa wazee ndio wanaonuna!

Ndugu zangu, Shemweta hakuongeza neno kwenye Maandiko. Alitafuta namna mama aliyefiwa angeweza kumlilia Mungu, akaiacha tayari kwa ajili ya mtu ambaye hakumjua. Je, sisi tumefarijiwa na maneno ya nani? Nani alikaa miaka akihesabu mizani ili siku moja wewe upate la kusema mbele za Mungu? Na nani aliyahifadhi sisi tulipoyaona yamepitwa na wakati?

Leo ukifika nyumbani, kama una mama au bibi, usikimbilie chakula. Mwambie akuimbie ule wimbo wake wa jikoni. Usikilize mpaka mwisho, hata ukiwa na beti mia sita. Kisha mwambie asante, angali anakusikia.