Mafiga ya Mize

Nyamazeni niwahadithie. Asiyetaka kusikia, mlango ule pale.

Palikuwa na mji wenye masultani wawili, kila mmoja akisema kiti ni chake. Walipoanza kupigana, kibaba cha mtama kikafika bei ya mbuzi, na zimwi likashuka mlimani, kwa kuwa hapakuwa na wa kulizuia.

Likabisha kwa Shaame na mkewe Mize.

"Nipe kuku wako, nikuache." Shaame akatoa.

"Mume wangu, tuhame," akasema Mize.

"Nyumba hii alijenga baba. Na zimwi limeshashiba."

Kesho yake likarudi. "Nipe mbuzi wako, nikuache." Shaame akatoa.

"Mume wangu, tuhame."

"Huko ugenini nani anatujua? Ngoja sultani mmoja ashinde."

Siku ya tatu likasema, "Nipe mlango wako, nikuache." Shaame akaung'oa kwa mikono yake, akalitwisha zimwi.

Mize akatoa mafiga yote matatu jikoni, maana mke anayehama haachi mafiga yake, akayatia kapuni, akajitwika.

Shaame akamcheka. "Mjinga wewe, unabeba mawe unaacha nyumba."

Mize akaenda zake.

Jioni zimwi likaingia bila kubisha, chungu mkononi. "Nimekuja kukupika."

"Utanipikia wapi?" Shaame akachekelea. "Mafiga kaondoka nayo mke wangu."

Zimwi likatazama jikoni, likaona ni kweli.

Likamla mbichi.

Mize anapika ng'ambo ya mto hadi leo. Na nyie mnaongoja sultani ashinde, mlango wenu bado mnao?