Aliyetolewa Kwenye Mchakamchaka

Wapendwa, kulikuwa na kijana mmoja asiye na kwao, aliyekuwa akilala barazani mwa duka la vitambaa kule sokoni. Msiniulize alitoka wapi. Vijana wa namna hiyo wamejaa mjini, nanyi mnawaruka kila siku mkienda kununua nyanya. Usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu, chupa ya gundi ya kunusa mkononi, na moyoni neno moja tu: sina mtu.

Jumamosi moja asubuhi, vijana wa kanisa fulani wakapita wakikimbia mchakamchaka, wamejipanga vizuri, mmoja anaimbisha na wengine wanaitikia. Yule kijana akainuka, akaingia nyuma yao. Hakuna aliyemfukuza. Mkishatoka jasho, nani atajua huyu kaamkia kitandani na yule kaamkia kwenye maboksi? Wiki iliyofuata akaja tena, na nyingine tena. Gundi akaanza kuiacha, maana pumzi na gundi havikai nyumba moja. Akawa analala usingizi wa mtu aliyechoka kihalali. Wenzake wakagundua ana sauti, wakampa kuimbisha. Mnajua maana ya jambo hilo? Mtu ambaye hakuna anayemwita, sasa yeye anaita, na watu wanaitika.

Basi kamati ikakaa. Kamati zetu hizi zikikaa, hakosi mtu wa kuumia. Zikashonwa fulana za kijani zenye jina la kanisa, za washirika waliobatizwa peke yao. Jumamosi iliyofuata kijana akafika, akasimama mbele kama kawaida. Mlezi wa kikundi, mama mpole kabisa, akamshika bega.

"Mwanangu, leo pumzika. Asiye na fulana hakimbii nasi. Watu wameanza kuuliza tunaongozana na akina nani."

"Mama, nitakaa nyuma kabisa. Sitaimba."

"Nimekuelewa, baba. Lakini utaratibu ni utaratibu. Tutakuombea."

Na kweli walimwombea, palepale, wamefumba macho. Kisha wakaondoka wakiimba.

Kijana alibaki amesimama. Alijijua. Akirudi kuketi barazani, ataishika tena ile chupa. Kwa hiyo akaamua kukimbia peke yake, njia ya sokoni, pekupeku, suruali imechanika magotini.

Hebu niambieni, watu wa Mungu. Kijana mchafu akikimbia peke yake sokoni asubuhi, nani kati yenu atasema yule anafanya mazoezi? Muuza vitumbua alimwona anakuja mbio, akakumbatia mkoba wake, akapiga yowe: "Mwizi!" Mara moja tu, ikatosha. Watu wakaokota mawe.

Kijana akaongeza mbio, na mbio alikuwa nazo, angewaacha wote. Lakini alipokata kona akaona fulana za kijani zinakuja mbele yake. Moyo ukatulia. Akapunguza mwendo, akawanyooshea mikono, akijua amefika kwa watu wake.

Nao walikuwa wamesikia yowe la mwizi. Wakamdaka, wakamshikilia, wenye mawe wakafika. Yule mama mlezi alimtambua walipomgeuza uso, na pumzi ilikuwa imeshakatika.

Sasa mtaniambia, "Mchungaji, sisi hatukurusha jiwe." Ni kweli. Sisi tulimwambia apumzike tu. Tunawahubiria hawa vijana waache gundi, wajitunze, wawe na afya, halafu mmoja akipata mahali pa kukimbia na wenzake, tunamtoa kwa upole na kumsindikiza na sala. Mnadhani kilichokuwa kinamponya ni miguu peke yake? Alikuwa anaponywa na watu waliokimbia ubavuni mwake. Tulipowaondoa, tulimwachia mbio tupu, na mbio tupu za maskini mji huu unazijua kwa jina moja tu.

Msiseme amina, sikuiomba. Nilisema kanisa fulani, na naona mnaangalia dirishani kana kwamba liko ng'ambo. Jumamosi ijayo tukikutana hapa uwanjani kukimbia, zile fulana zetu ziacheni nyumbani.