Kigoda Cheupe cha Sikudhani

Cheupe hutiwa nta kwanza. Bibi Mwanaheri aliwaambia hivyo wajukuu zake walipomaliza kumweleza walivyopanga harusi ya dada yao: muziki umepatikana, turubai lipo, sare zimeshonwa. Wakamwuliza msemo huo umetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, akasema.

Kijijini Lukange alikuwapo fundi wa batiki aitwaye Sikudhani. Mkono wake ulikuwa na baraka; akichora kuku, mwewe angeshuka. Naye alijijua! Ukoo wao haukumtoa binti kwenda kuolewa bila kitambaa chenye kigoda cheupe cha bibi mwanzilishi. Kigoda hicho kilimwambia binti: ukielemewa huko uendako, kiti chako nyumbani kipo. Safari hii aliyeolewa alikuwa Chausiku, yatima wa dada yake, aliyemlea mwenyewe tangu ananyonya.

Sikudhani alitaka kitambaa cha kusimuliwa. Alichovya brashi katika nta ya moto, akaanza na ndege, akaja kwa wapiga ngoma, akapamba hadi shanga za wachezaji. Kila palipopakwa nta rangi isingeingia, pangebaki peupe. Kigoda alikiweka kiporo.

"Kigoda hakikimbii," alijisemea, akaongeza ndege wawili.

Ndege hao walimpendeza mno. Akakitumbukiza kitambaa katika rangi ya buluu huku akiimba. Alipokianika, ndege walikuwapo, ngoma zilikuwapo, na pale katikati palipongoja kigoda palikuwa buluu tupu.

Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa ndimu mpaka vidole vikamwuma. Wapi! Na harusi ilikuwa kesho. Alilia, akajifuta uso, akaenda kwa mama yake mkubwa, Bi Kazija, aliyekuwa mkuu wa ukoo.

"Mama mkubwa, nimeharibu. Kigoda kimemezwa na rangi."

"Ulianza na nini, mwanangu?"

"Ndege."

"Ndege hao ni ukoo gani kwetu?"

Sikudhani akainamisha kichwa. "Nikipake rangi nyeupe kwa juu? Watu hawatajua."

"Itabanduka akikifua mara ya kwanza, naye Chausiku yuko mbali, peke yake. Kitambaa kingine unacho?"

"Ninacho. Muda wa mapambo ndio sina."

"Nani kakuomba mapambo?"

Sikudhani alicheka machozi yakimtoka. Alirudi kwake, akapaka nta kigoda, kigoda peke yake na miguu yake mitatu. Akatia rangi, akachemsha kitambaa mpaka nta ikatoka yote.

Kesho yake kilitundikwa mlangoni: kigoda cheupe katika buluu, basi. Chausiku alikigusa kwa kiganja.

"Mama," alimwambia Sikudhani, "kumbe hata nikienda, nina pa kukaa."

Siku hiyo hakuna aliyeusifu mkono wa Sikudhani, naye hakuwahi kufurahi vile maishani mwake. Kila mwanafunzi aliyemfundisha baadaye aliusikia kwake msemo huu kabla hajashika brashi.

Bibi Mwanaheri aliwatazama wajukuu zake. "Haya. Na mjomba wenu mmeshamwarifu?"

Mkubwa wao akainuka, akaanza kutafuta viatu.

"Nenda, baba," Bibi akasema. "Cheupe hutiwa nta kwanza."