Mlango wa Bi Somoe

Paukwa!

Pakawa gani hiyo ya kuitikia kwa pua? Fumo, nimekuona ukimkonyeza mwenzio. Nimewaahidi habari za Bi Somoe, nawe unasema moyoni, mwanamke mmoja na fimbo yake atawashindaje wazee watano wa mji bila hata kupaza sauti. Umekula chakula changu, umekalia mkeka wangu, na bado unanusa maneno yangu kama samaki wa jana. Tia ulimi ndani. Tuanze upya.

Paukwa!

Pakawa. Ehe, sasa ni watu.

Zamani hizo, hata babu wa babu zenu hawajajua kufunga kikoi, palikuwa na mji ufuoni, na mbele ya mji palikuwa na mwamba. Siku za bamvua, maji yanapotoka sana, mwamba ulibaki mkavu, na juu yake vidimbwi vinne. Vitatu vidogo. Cha nne kikubwa, chenye kina, kisichokauka hata jua liwake vipi. Hicho wakikiita Kitovu. Wanawake walishuka na vyuma vyao kuchokoa pweza, na mji ulikula kwa vyuma hivyo.

Bi Somoe alikuwa mmoja wao. Alikuwa mjane, mkavu wa mwili, hana mtoto, na herufi alizijua kwa sababu baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Siku moja alitia chuma chake katika shimo, pweza akakishika. Akavuta. Pweza akavuta. Akainama kuchungulia, akaona mayai yananing'inia kama shanga nyeupe, na mama yao amekaa mbele yao.

Akatoa chuma, akaenda zake.

Bamvua lililofuata alirudi. Pweza yuko palepale, amekonda. Hajatoka kula. Bamvua jingine akarudi tena. Mayai yamepasuka, wana wametawanyika majini wadogo kama punje za ulezi, na mama amekufa mlangoni pake.

Bi Somoe alikaa juu ya jiwe mpaka maji yakamfika magotini. Miaka yote hiyo alikuwa amewala pweza, na hakuwa amejua hata jambo moja juu yao. Hilo lilimuudhi. Si huzuni, nawaambia. Lilimuudhi, kama mtu anavyoudhika kugundua jirani yake wa miaka ishirini hamjui jina.

Tangu siku hiyo, kila bamvua, Bi Somoe aliteremka mwambani. Fimbo yake, ko, ko, ko. Akakaa kwenye kidimbwi cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu Kitovu. Akatazama. Akahesabu. Akarudi nyumbani, akatwaa msumari wa jahazi aliouokota ufuoni, akaandika upande wa ndani wa mlango wake. Kwaru, kwaru, kwaru. Kila kidimbwi kilikuwa na safu yake, kutoka juu kushuka chini. Mchana mlango ulikuwa wazi, umelalia ukuta, na usiku hakuwa na wageni. Kwa hiyo upande ule hakuuona mtu ila yeye.

Wifi yake, Mishi, alimcheka mbele za watu.

"Wifi, wenzio tunarudi na kitoweo. Wewe unarudi na habari."

"Kitoweo chako kitakwisha leo usiku," akasema Bi Somoe.

Basi akatokea Ngwali. Ngwali alikwenda bara, akarudi na mbegu za utupa, akazipanda nyuma ya nyumba. Majani ya utupa ukiyaponda ukayamimina katika kidimbwi, samaki huelea tumbo juu, wakubwa kwa wadogo, unawazoa kwa kikapu. Huchoki, hulowi. Mji ukafurahi. Alipotahiri wanawe, Ngwali alimimina utupa kidimbwi cha kwanza, watu wakala mpaka wakalala palepale. Jumbe Mwinyikombo, mkuu wa mji, alipomwoza bintiye, wakamimina cha pili. Mzee mwingine alipojenga nyumba, wakamimina cha tatu. Ikawa ndiyo desturi, karamu bila utupa si karamu.

Bi Somoe alikwenda bamvua baada ya kila karamu. Ko, ko, ko. Akatazama. Kidimbwi cha kwanza, hakuna tasi wachanga, samaki wale wala majani ya bahari. Bamvua jingine, majani yameota kama nywele za mgonjwa, maana waliokuwa wakiyala hawapo. Bamvua jingine, hakuna kaa. Pweza atakula nini? Hakuna pweza. Akaandika. Kwaru, kwaru, kwaru.

Miaka ikapita. Wanawake wakaanza kurudi na vikapu vitupu. Mishi mwenyewe alipika mboga ya majani siku nne mfululizo, na hakumcheka mtu. Kwapani mwa Bi Somoe kulikuwa kumeota uvimbe, mkono hauinuki vizuri. Hakumwambia mtu. Alihamishia msumari mkono wa pili.

Jumbe akawaita watu. Akasema bahari imekasirika, inataka sadaka. Sadaka yataka karamu, karamu yataka samaki, na samaki wamebaki Kitovu tu. Bamvua hili, siku ya tatu, utupa utamiminwa Kitovu.

Mmeelewa? Wana njaa kwa sababu ya utupa, na dawa ya njaa ni utupa.

Bi Somoe akasimama katikati ya wanaume. Akawaambia Kitovu ndimo wanamokulia wote, tasi, changu, kaa, wana wa pweza, na ndimo vidimbwi vingine vitakamopata mbegu. Wakiua Kitovu, mwamba utakuwa jiwe tu.

Jumbe alimjibu kwa upole, kama anavyojibiwa mtoto. "Bi Somoe, bahari huingia na kutoka mara mbili kila siku. Utupa utakaa wapi usioshwe?"

"Maji yanaosha, Jumbe. Hayafufui."

Ngwali akacheka. Akasema mwanamke asiyezaa ndiye anayewalilia vitoto vya samaki.

"Ndiyo maana nina nafasi ya kuwatazama," akasema Bi Somoe. "Wewe una wana saba, na hujui hata mmoja alilala wapi jana."

Watu wakaangua kicheko, Ngwali akavimba. Lakini kicheko hakibadilishi shauri. Shauri likabaki lilelile. Hapo Bi Somoe akasema siku hiyo atakaa ndani ya maji ya Kitovu, na wakitaka kumimina, wammiminie na yeye. Akaondoka. Ko, ko, ko.

Siku ya tatu asubuhi, maji yakianza kutoka, Jumbe aliona haya kumburura mjane mbele ya mji. Akawachukua Ngwali na wazee watatu, mmoja wao yule aliyejenga nyumba, wakaenda nyumbani kwake kumsihi abaki ndani. Aliwakaribisha. Wakaketi mkekani. Wakasema mmoja baada ya mwingine, wa kwanza kwa utu uzima, wa pili kwa dini, wa tatu kwa aibu ya ukoo. Waliobaki walirudia ya wa kwanza.

"Mmemaliza?" akauliza Bi Somoe.

Wakasema wamemaliza.

Akainuka, mkono mmoja umeshika kwapa. Alipita katikati yao, akatoka nje, akauvuta mlango. Kriii, ba. Akatia mnyororo kwa nje, akakaa barazani, mgongo wake umeegemea mbao.

Mishi akaja mbio. "Wifi! Umewafungia wazee?"

"Nimewaacha wasome."

Ndani wakapiga kelele, wakagonga, wakaita. Halafu wakaona. Mwanga wa dirisha dogo ulikuwa umepiga mlango, na mlango wote, kutoka juu hadi chini, ulikuwa umejaa maandishi. Jumbe alijua kusoma. Akaanza kwa sauti.

"Kidimbwi cha kwanza. Tasi wachanga kama kope za macho, sikuweza kuwamaliza. Kaa kumi na wawili. Pweza mmoja, ananijua sasa." Akashuka. "Bamvua la tohara ya wana wa Ngwali. Wote tumbo juu." Akashuka. "Hakuna tasi. Hakuna kaa. Hakuna. Hakuna. Hakuna."

Ngwali akasema hebu rudia hapo. Jumbe akarudia.

Akaenda safu ya pili, na humo akakuta arusi ya bintiye mwenyewe. Chini yake, hakuna, hakuna, hakuna. Safu ya tatu, nyumba ya mzee yule, na chini yake vilevile. Kila mmoja aliikumbuka siku yake, nguo aliyovaa, nani alikula akasaza. Hakuna aliyeweza kusema ni uongo. Safu ya nne tu, ya Kitovu, ilikuwa na majina ya viumbe mpaka mstari wa mwisho. Chini ya mstari huo palikuwa na nafasi tupu, upana wa kiganja.

Nje, maji yalikuwa yamekwisha toka na sasa yanarudi. Chwa. Chwa. Mwamba ukafunikwa.

Mlango ukagongwa, mara moja, taratibu.

"Mmesoma mpaka chini?" akauliza Bi Somoe.

Ikaja sauti ya Ngwali. "Mpaka chini, dada."

Akafungua.

Ngwali alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba yake, akaung'oa utupa wote na mizizi, akauchoma. Karamu ya mwaka ule walikula kunde. Wengine walinung'unika, na wakala.

Bi Somoe aliishi bamvua kumi na moja baada ya hapo. La mwisho alibebwa na Mishi mgongoni hadi Kitovu, wakigombana njia nzima. Hakukiona kidimbwi cha kwanza kikipona. Mishi ndiye aliyeona, mwaka wa pili, na kwa kuwa herufi hakuzijua, aliuchukua msumari akachora samaki mmoja mdogo chini ya ile hakuna ya mwisho. Ni mbaya, anafanana na kijiko.

Basi mwenye kudai anaijua bahari, akaitazame kwanza, kesho airudie, na atakachokiona akiseme, wenye karamu wapende wasipende.

Hadithi yangu naikomesha papa hapa kizingitini. Nyumba hii mliyoketi ni ya Bi Somoe, na kuna jua la kutosha dirishani. Fumo, usiinuke. Mimi natoka, na mlango naufunga.