Mtupa Maganda Huinama

Mtupa maganda huinama. Mmeisikia leo hapa uwanjani mkacheka, mkidhani ni maneno ya wala njugu. Chanzo chake ni hiki.

Jumamosi moja wapiga shabaha wa Sanya walikuwa wakishindania nafasi moja ya kwenda mashindano ya kanda. Lango likafunguliwa, akaingia mama mmoja mtu mzima ambaye hakuna aliyemtarajia. Akajitaja kuwa Anaeli, askari magereza mstaafu, akaomba kupiga pamoja nao. Kibali chake kilikuwa sawa. Kilichowachekesha ni bastola yake: ya gurudumu, ya risasi sita, mpini umechakaa.

Aliyecheka zaidi alikuwa Meshaki Kivuyo. Hakuwa kijana mbaya, ila alikuwa ameitamani nafasi ile mwaka mzima, na kiunoni alikuwa na bastola mpya ya magazini, yenye kubeba risasi kumi na saba.

"Bi mkubwa," akasema, "hiyo ni bastola au mashine ya kusagia nyama?"

Mama akamtazama kwa upole. "Marahaba, mwanangu."

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyekuwa amemwamkia. Meshaki akahisi masikio yakimwaka, akajaribu kuifunika aibu kwa majigambo: akaapa mbele ya wote kwamba mama akimpita, atamwokotea maganda ya risasi kila Jumamosi hadi msimu uishe. Pale uwanjani kila mtu huokota maganda yake mwenyewe. Kuinama kwa ajili ya mwenzio ni kujishusha.

Akaanza yeye. Alikimbia kutoka kizuizi hadi kizuizi, bastola ikitema maganda majanini kama bisi zinazoruka kikaangoni. Katikati ganda moja likanasa, bastola ikakwama. Aliinasua upesi, lakini lile neno marahaba lilikuwa bado linamchoma. Akaharakisha, na risasi ikatoboa kibao cheupe, kile kinachosimama badala ya mtu asiye na hatia.

Mama Anaeli alikwenda taratibu. Risasi moja ikagoma. Akavuta kifyatulio tena, gurudumu likazunguka, ikalia iliyofuata. Kila zilipokwisha sita alimimina maganda kiganjani, akayatia mfukoni, akajaza upya. Muda ulimtupa mkono, lakini hakukosa kibao cha shabaha hata kimoja, wala hakugusa cheupe. Mwamuzi alisema wazi kwamba siku nyingi bastola ya magazini ingeshinda, kwa wepesi wake na wingi wa risasi. Siku hiyo kibao cheupe ndicho kilichoamua: kilimkata Meshaki alama, mama akampita.

Mama hakuitaka nafasi. Alikuja kuupima mkono wake tu. Nafasi ikamwangukia Meshaki, naye akaipokea kwa haya, kama mtu anayepewa chakula na aliyemtukana. Kila Jumamosi mama alipokuja kupiga, Meshaki alisimama kando yake, macho chini, akingoja ganda lianguke; halikuanguka.

Ikawadia siku ya mashindano, nayo ilikuwa Jumamosi. Gari likapiga honi langoni. Wenzake wakamwambia mzaha ni mzaha, apande waende. Mama mwenyewe akamsihi.

"Nenda, mwanangu. Maganda yangu huwa kiganjani. Huna cha kuokota hapa."

"Nilisema kila Jumamosi, mama. Siku ile hata kabla bastola haijakwama, mdomo wangu ulikuwa umeshakwama."

Gari likaondoka na mtu mwingine. Meshaki akalisikiliza likipanda kilima hadi likanyamaza. Mama akapiga zake sita, akafungua gurudumu, akamimina maganda kiganjani kama kawaida yake. Akayatazama kitambo. Kisha akageuza kiganja, yakadondoka majanini.

Meshaki akainama. Akiwa bado ameinama, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mama."

"Hiyo nilishaitikia," akasema mama, akanyoosha mkono kupokea ganda la kwanza.

Basi, wanangu, maganda yenyewe mmeyajua sasa, ya bastola na ya mdomo, na yalikotupwa mmekujua. Mtupa maganda huinama.