Mkono wa Siwema

Nina hadithi mkononi.
— Tupe tuionje.
Ina uchungu.
— Tutameza.

Basi hapo kale, kabla bibi zetu hawajazaliwa, wake wawili wa bwana mmoja walikuwa wakigombana uani.

"Umemroga mwanangu," alisema Siwema, bi mkubwa. "Umempa dawa anikatae."

"Dawa gani, dada? Nimempa wali, akala," alisema Mashavu, bi mdogo.

"Ndiyo hiyo. Kwako anakula, kwangu anatema. Mama yake ni nani hapa?"

Mume wao, Makame, alisimama katikati. Akamtazama huyu, akamtazama yule, akamtazama mtoto. Hakuelewa kitu.

Nanyi hamjaelewa, sivyo? Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo.

Siwema aliungua mkono wa kulia kwa mvuke wa chungu. Mashavu akakimbia nyuma ya nyumba, akakata jani la mshubiri, akampaka ule ute wake wa baridi. Maumivu yakapoa. Akamwambia, "Dada, huu ni wa kupaka tu. Ule utomvu wa manjano usiingie mdomoni, unaharisha. Na mwenye mimba asiunywe kabisa."

Siwema aliitikia huku analia, na anayelia anasikia nusu. Tangu hapo akawa anajikatia jani mwenyewe, anapaka ute na utomvu pamoja, kiganja mpaka vidole.

Sasa aje mwanawe Kombo, na njaa yake. Siwema akamponda ndizi, akamlisha. Kombo akatema. Akampa wali. Kombo akatema. Akampa muhogo laini. Kombo akatema, akakimbilia kwa Mashavu.

Mtasema, si angemlisha kwa mkono wa kushoto? Jamani, nani anamlisha mwanawe kwa kushoto? Mtasema, yeye mwenyewe hakuonja? Hakuonja. Tangu mtoto amkatae, chakula hakikumpita kooni.

Haya, mmeshajua. Nyamazeni, wenyewe hawajajua.

Makame alifikiri mpaka kichwa kikamuuma. Mwisho akasema, "Mashavu, nenda kwenu mpaka mtoto apone."

Mashavu hakubisha. Akafunga kanga zake furushi. "Lakini sitoki na njaa," akasema. "Dada, nilishe tonge moja kwa mkono wako, tuagane."

Siwema akasita. Akamega, akafinya, akamlisha. Mashavu akatafuna mara moja tu, uso ukamkunjamana. Akatema pembeni. Akautazama ule mkono, halafu akaanza kucheka.

"Anacheka nini huyu?" Makame akauliza.

Hadithi yangu imefika kizingitini. Aliye ndani abaki nayo, aliye nje aende nayo. Mashavu alisimama mlangoni, furushi kichwani, akasema:

"Dada, gusa kidole chako kwa ulimi. Kidogo tu, utomvu unaharisha. Kisha useme mwenyewe: niende, au nikuletee maji ya kunawa?"