Madoa Yaliyotembea

Paukwa?

Pakawa.

Hiyo ni sauti ya watu wenye njaa. Paukwa?

Pakawa!

Haya, sogeeni motoni, na anayesinzia asinzie upande wa pili.

Hapo zamani za kale, nguo za wanawake zilikuwa nyeupe tupu. Akaondokea fundi mmoja, Bi Mize. Alikuwa akichonga kiazi, akakichovya kwenye rangi nyeusi, akakigonga juu ya bafta, kile kitambaa cheupe chepesi, na bafta ikawa na nakshi. Bintiye Mwanahawa alikuwa anaolewa Ijumaa, na Bi Mize alikwisha kuapa mbele ya wakwe kwamba bibi harusi atatoka na vazi ambalo jicho halijaliona. Akishindwa, aibu ni ya mwanawe.

Akaenda porini kutafuta mfano, akamwona kanga. Jamani, ndege yule! Mweusi wa kung'aa, amenyunyiziwa madoa meupe mwili mzima, na hakuna doa lililomkanyaga mwenzake. Bi Mize akapenda mpaka akasahau njia ya kurudi. Na binadamu akipenda hufanyaje? Akamtega, akamtia tunduni.

Siku ya kwanza akamtazama, akachonga, akagonga. Madoa yakatoka kama upele. Kanga akasema, "Bi Mize, hapo unapotazama mimi sipo."

Siku ya pili akamlisha mtama, akamtazama, akachonga, akagonga. Madoa yakatoka kama tui lililomwagika. Kanga akasema, "Bi Mize, hapo unapotazama mimi sipo."

Siku ya tatu akamng'oa unyoya, akapima doa kwa doa, akachonga, akagonga. Madoa yakatoka sawasawa, lakini nguo ililala pale kama maiti. Kanga akasema, "Bi Mize, hapo unapotazama mimi sipo."

Bi Mize akalia. Akamuuliza yuko wapi basi, na kesho ni Ijumaa.

"Kanga hazai ugenini," akajibu ndege. "Mayai yangu kumi na mawili yanapoa kichakani, nami niko huko. Nifungulie nipite, ndipo utaniona."

Bi Mize alijua akimwachia amekosa mfano. Lakini naye ni mama. Akafungua.

Kanga akatoka mbio, kichwa mbele. Na madoa, wenzangu, madoa yakatembea! Yakaenda pamoja, yakaachana, yakarudiana. Bi Mize akakimbilia kiazi chake kabla macho hayajasahau.

Ijumaa Mwanahawa akatoka. Alipopiga hatua, nguo nayo ikapiga hatua. Wakwe wakapiga vigelegele.

Fungate ilipokwisha, Mwanahawa akaja kumsalimu mama kwa njia ya porini, amejifunga vazi lile. Nyuma yake kikaja kifaranga, kikilia. Kilimwacha mamake, kikafuata nguo.

Kanga mamake akaja kukichukua. Akaizunguka nguo mara tatu. Bi Mize akaogopa, akamwomba radhi kwa lile tundu na ule unyoya, akamuuliza amlipe nini.

"Iite jina langu," akasema kanga. "Mwanangu keshakosea, basi na watu wakosee."

Ndiyo maana mpaka leo ndege ni kanga, na nguo ni kanga. Kizuri ukikifunga, unabaki na tundu; kiache kipite, kitakuachia jina.

Hapo ndipo nilipofika. Ikiwa tamu tugawane, ikiwa chachu nirudishieni. Mimi mke wangu ana kanga doti sita, na sijaona hata yai moja.